Kungoja Digrii 10

Nikitoka zamu ya usiku, kabla sijavua viatu, naangalia mto. Ninachokiona ni mstari wa buluu kwenye simu, unaopanda na kushuka, kutoka kwenye kipimo cha maji kilichowekwa mto Rapidan karibu na Ruckersville, Virginia. Mvua ikinyesha milimani usiku, asubuhi mstari umesimama wima kama mwiba. Baada ya siku tatu huanza kulala tena. Nimeufuata hivyo tangu Januari. Theluji imekuja ikaenda, mstari umeruka mara nne, na sasa, wiki ya mwisho ya Machi, umetulia pale ninapoupenda: maji ya kutosha kumeza kishindo cha miguu yangu, lakini maangavu kiasi cha kuhesabu mawe ya chini.

Kimo cha maji ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni joto, na hilo lazima nilifuate mwenyewe juu mlimani, na kipimajoto nilichokifunga kwa kamba ya kiatu. Maji yakifika digrii 10 za Selsiasi mchana, yakakaa hapo siku mbili tatu, wadudu wadogo wa kijivu huanza kutoka chini ya mawe, wakapanda hadi juu ya maji na kuruka. Wavuvi wa huku humwita mdudu huyo Quill Gordon, kwa jina la nzi wa bandia, ndoano iliyofungwa manyoya, aliyebuniwa kumwiga. Hapo samaki ninayemngoja, trauti, aliyepitisha miezi ya baridi amejibana chini ya jiwe, mwili umepoa na hamu ya kula haipo, anainua kichwa. Hiyo ndiyo siku ninayoingoja.

Ninaishi Harrisonburg, mji mdogo wa viwanda vya kuku na bata mzinga, ulio bondeni kati ya safu mbili za milima. Ukipanga foleni dukani hapa unaweza kusikia Kiswahili cha Uvira, Kongo, na cha Nairobi kabla hujamfikia keshia. Nikiendesha gari kwenda mashariki, nikaipita Elkton na kupanda hadi Swift Run Gap, naingia Skyline Drive, barabara ya kilomita 169 inayopita mgongoni mwa milima ya Blue Ridge ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Shenandoah. Kwenye vijito vinavyoteremka kutoka mgongo huo, upande huu na ule, ndiko anakoishi trauti wangu.

Samaki mwenyewe anaenea kiganjani. Mwenye sentimita 18 ni mtu mzima. Mwenye 25 utamsimulia mwaka mzima. Jina lake la kisayansi ni Salvelinus fontinalis, na neno hilo la pili maana yake ni wa chemchemi. Mimi namwita trauti wa vijito, ingawa kwa damu yuko karibu zaidi na samaki wa maji ya Aktiki kuliko na trauti wa Ulaya. Sisi tukisema samaki wa maji baridi tunamaanisha asiyetoka baharini. Huyu ni wa maji baridi kwa maana zote mbili: maji yakizidi digrii 20 anaanza kutaabika, yakikaribia 25 anakufa. Zamani alionekana hadi kwenye mito ya chini. Kisha wakaja wakataji mbao mwishoni mwa karne ya 19, misitu ikaanguka, vivuli vikaondoka, udongo ukafunika changarawe anamotagia. Trauti wa kahawia aliletwa Marekani kutoka Ujerumani mwaka 1883, na yule wa upinde wa mvua akahamishwa kutoka upande wa Pasifiki. Wote wawili hukua wakamzidi, na wanavumilia joto kuliko yeye. Mwenyeji akasukumwa juu, na juu zaidi, hadi kwenye maji membamba ambayo unaweza kuyaruka bila kukimbia.

Huku bondeni kuna trauti wa malori. Wanafugwa mabwawani, wanaletwa kwa lori lenye matangi, wanamwagwa mtoni, watu wanajipanga kando ya daraja. Sina neno nao. Watoto wengi wameanzia hapo. Lakini samaki wa lori unajua amefika lini na amefikaje. Huyu wa juu hakuletwa na mtu. Usiku wa Januari, nikiwa nasukuma kitanda cha mgonjwa kwenye korido saa tisa, najua yeye yuko chini ya jiwe lake, barafu imefunga kingo za kijito, na mayai yaliyotagwa tangu Oktoba na Novemba yamelala kwenye changarawe. Wazo hilo linanituliza kuliko chai.

Mama yangu alikuwa akifunga nzi.

Nikiwa mtoto Nairobi sikuona ajabu. Mama wa rafiki yangu mmoja alishona sare za shule, wa mwingine aliuza sukumawiki, wangu alifunga nzi. Wakenya wamekuwa wakifunga nzi wa kuvulia na kuwauza ng'ambo tangu miaka ya 1930, na hadi leo nzi wengi wanaouzwa katika maduka ya uvuvi ya Ulaya na Marekani wametoka kwenye mikono ya wanawake wa Kenya. Karakana ya akina mama ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja. Kila mwanamke alikuwa na jiliwa yake na mtindo wake, na malipo yalikuwa kwa dazeni. Mama alipewa mtindo uitwao Adams.

Naweza kukusimulia Adams hatua kwa hatua, kwa sababu jioni nyingi alirudi na kazi nyumbani. Ndoano ndogo, namba 14, inabanwa kwenye jiliwa. Uzi unaanza kuzungushwa nyuma kidogo ya jicho la ndoano. Ncha mbili za manyoya ya shingo ya jogoo mwenye michirizi zinasimamishwa ziwe mabawa, zimeachana kidogo kama masikio ya mbuzi anayesikiliza. Mkia ni nyuzinyuzi chache za manyoya, za kahawia na za michirizi, zimechanganywa. Mwili ni sufu ya kijivu ya mnyama mmoja wa Marekani akaaye kando ya maji, mfano wa panya mkubwa. Mama aliisokota kwenye uzi kwa vidole viwili alivyovigusisha ulimi kwanza. Kisha unyoya wa kahawia na wa michirizi vinazungushwa pamoja, nyuma ya mabawa na mbele yake, hadi visimame kama miale. Fundo la kichwa, tone la vanishi, basi. Halafu alimwinua kwenye mwanga wa balbu, akamzungusha, akampulizia pumzi. Sikujua alikuwa akitafuta nini. Miaka ishirini baadaye, nilipomtupa nzi wa namna hiyo majini kwa mara ya kwanza, ndipo nikaelewa: alikuwa anaangalia kama atatua amesimama wima.

Adams alibuniwa Michigan mwaka 1922. Mama hakulijua hilo. Trauti mwenyewe hakuwa amemwona hata siku moja. Aliambiwa tu kwamba ni samaki mwerevu, anayeishi maji safi, na kwamba nzi akiinama upande mmoja dazeni nzima itarudishwa.

Na trauti walikuwepo karibu. Mwaka 1905 mlowezi Mwingereza, Ewart Grogan, alipeleka trauti wa kahawia kutoka Scotland akawatia katika mto Gura, milima ya Aberdare. Kabla ya hapo mito ya Kenya haikuwa na trauti hata mmoja. Baadaye serikali ilikuwa na kituo cha kuwazalisha huko Kiganjo. Kutoka kwetu hadi Gura ni safari ya asubuhi moja, na sikuwahi kwenda. Tuliuona kama mto wa watu wengine. Kule nyumbani trauti alikuwa mgeni nami mwenyeji. Huku Virginia yeye ndiye mwenyeji. Nimelifikiria hilo mara nyingi nikiwa nimepiga magoti kwenye maji yake, na kila mara linanifanya nipunguze mwendo.

Aliyenipeleka mara ya kwanza ni mzee mmoja jirani, mwalimu mstaafu. Alikuja kuazima ngazi, akaona kwenye rafu yangu nzi sita ndani ya kijichupa cha dawa. Akanyamaza. Akaniuliza nimewatoa wapi. Nikamwambia ni kazi ya mama. Aliwatazama muda mrefu kuliko watu wanavyotazama vitu vya rafuni kwa wenyewe. Jumamosi iliyofuata alikuwa mlangoni na fimbo mbili.

Tuliacha gari Milam Gap, ambapo bado kuna mitufaha mikongwe iliyoota katikati ya nyasi. Ni alama ya watu walioishi mlimani hapa kabla ya hifadhi kufunguliwa mwaka 1935. Mamia ya familia ziliondolewa, na miti yao ya matunda ikabaki inachanua bila wa kuchuma. Kutoka hapo njia inateremka kwa mguu kama kilomita tatu kufuata kijito cha Mill Prong, hadi kinapokutana na Laurel Prong na kuuanzisha mto Rapidan. Kwenye makutano hayo ndipo Rais wa Marekani, Herbert Hoover, alipojenga kambi yake mwaka 1929. Alikuwa ametoa masharti matatu: pasiwe mbali na Washington kuliko kilomita 160, pawe juu kiasi cha kukwepa mbu, na pawe na trauti. Mwaka huohuo Waziri Mkuu wa Uingereza, Ramsay MacDonald, alikuja pale, na wawili hao wakakaa juu ya gogo kando ya maji kuzungumzia kupunguza manowari za nchi zao. Nikipita pale hupenda kufikiri kwamba Hoover alikuwa anasikiliza kwa sikio moja, na la pili alikuwa amelipeleka mtoni.

Mzee alinifundisha mambo machache, na yote yalihusu kutoonekana. Trauti huelekeza kichwa mkondo unakotoka, kwa hiyo unamjia kwa nyuma, unapanda mto. Huvai nguo inayong'aa. Huachi kivuli chako kikutangulie. Kwenye kila kidimbwi unasimama chini yake kwanza, unatazama dakika tano nzima bila kufanya lolote. Vichaka vimefunika kijito kama paa, nafasi ya kuzungusha mshipi nyuma yako haipo. Kwa hiyo unamshika nzi kwa vidole viwili, unavuta hadi fimbo ipinde kama upinde wa mishale, unalenga, unaachia. Nzi anapita chini ya matawi.

Kwenye kidimbwi cha tatu nilimwachia Adams wa mama. Alitua kwenye povu, akasimama wima, akasafiri urefu wa mkono hivi. Maji yakafunuka.

Nilimshika chini ya maji, kiganja kimeloa kama nilivyoambiwa, maana kiganja kikavu humtoa ute unaomlinda. Mgongo wake ulikuwa wa kijani cha zeituni, umechorwa michoro ya mawimbi kama ya mdudu apitaye chini ya gome. Ubavuni alikuwa na madoa ya njano, na katikati yake madoa mekundu madogo, kila jekundu limezungushiwa duara la buluu. Tumbo rangi ya chungwa. Mapezi ya chini yalikuwa mekundu, lakini ukingo wa mbele ulikuwa mweupe pepe, na baina ya weupe na wekundu palipita mstari mweusi, mwembamba kama wa wanja. Kwenye kona ya mdomo alikuwepo nzi wa mama, amelowa. Nilikuwa nimekibana kijino cha ndoano kwa koleo, kwa hiyo alitoka bila kuvutwa. Samaki alikaa kiganjani pumzi mbili, kisha kiganja kikawa kitupu.

Nilimpigia mama jioni ile. Kwao ilikuwa usiku wa manane, na aliipokea simu kwa hofu kama watu wanavyopokea simu za saa hizo. Nilipomwambia, alikaa kimya. Halafu akauliza, "Alimla yupi, wa kwako au wa kwangu?" Nikamwambia mimi sina wangu.

Lazima niseme na jambo la mwaka wa pili, kwa sababu kungoja kwangu kulianzia hapo. Kwa kawaida Shenandoah haifungi uvuvi msimu wowote. Ukitaka kwenda Julai, nenda. Nilikwenda Julai. Mvua ilikuwa haijanyesha wiki nyingi, kijito kimekatika vipande vipande, trauti wamejazana kwenye vidimbwi vichache. Nilifurahi kuwaona wengi vile mahali pamoja. Nilimshika mmoja, mkubwa kuliko wote niliowahi kushika, nikataka picha. Nikahangaika na simu, nikamwinua, nikamrudisha, nikamwinua tena. Nilipomwachia alilala ubavu. Nilimshikilia akielekea mkondo, ila mkondo wenyewe haukuwa na nguvu ya kumpitishia maji. Nilikaa naye robo saa. Baadaye nilitumbukiza kipimajoto pale pale: digrii 22. Mzee hakunigombeza nilipomweleza. Alisema tu kwamba yeye hukunja fimbo zake katikati ya Juni.

Tangu siku ile nafanya kama yeye. Kiangazi siendi, maji ni moto. Vuli siendi, maana jike huchimba kiota kwenye changarawe kwa mkia wake, na hatua moja ya buti inatosha kuyaponda mayai. Majira ya baridi samaki amelala. Inabaki miezi miwili na kidogo. Hakuna askari wa wanyamapori anayenizuia miezi mingine, na huenda ndiyo sababu hii iliyobaki naitamani hivi.

Nikijifunza zaidi nimegundua jinsi maisha yake yalivyoshikiliwa na vitu visivyoonekana. Mvua yenye asidi, iliyotokana na moshi wa mitambo ya makaa ya mawe, ilinyesha juu ya milima hii kwa miongo mingi. Mto upi ungeumia na upi ungepona iliamuliwa na jiwe la chini. Piney River umelala juu ya miamba ya basalti, ambayo huipunguza asidi kali kama majivu yanavyopunguza uchachu. Staunton River uko juu ya matale, ukaumia kiasi. Paine Run uko juu ya mawe ya mchanga yasiyo na cha kujitetea, na aina za samaki zilizobaki humo ni chache. Huko kusini kidogo, kwenye mto St. Marys, hali ilifika mahali ambapo mwaka 1999 helikopta ilipeleka chokaa iliyosagwa na kuimwaga majini. Sheria ya hewa safi iliyorekebishwa mwaka 1990 imesaidia sana. Mvua ya leo si ile. Lakini kuna mdudu kutoka Japani, mdogo kuliko punje ya ulezi, aliyeonekana karibu na Richmond mwaka 1951, anayefyonza maji ya miti ya hemloki. Mihemloki mikubwa iliyofunika vijito hivi imekufa kwa wingi. Nikipanda mto navuka magogo yake, na mahali ilipokuwa pana jua sasa.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini ametoka Uvira, amevua ndagala Ziwa Tanganyika tangu ujana. Alinikuta naosha fimbo. "Ndugu," akaniuliza, "unamukamata, kisha unamurudisha mu maji?" Hakuwa ananicheka. Alitaka kujua. Nilimwambia pale Rapidan ndiyo sheria, na hata isingekuwa sheria ningemrudisha, kwa vile wamebaki wachache na kijito kizima ningeweza kukimaliza kwa wiki moja. Akaitikia kwa kichwa. Halafu akaanza kunieleza mwezi. Wao huvua usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haina maana, ndagala hawakusanyiki. Kwa hiyo kuna siku za mwezi ambazo mitumbwi yote iko ufukoni, watu wanashona nyavu, wanatazama juu kila jioni kuona mwezi umeliwa kiasi gani. "Zile siku," alisema, "moyo unakuwa tayari mu ziwa, mwili ndio ungali inje." Sijapata kuelezwa hali yangu ya Machi vizuri kuliko hivyo.

Basi Machi hii nimefanya kazi zangu za Machi. Mshipi nimeupangusa kwa kitambaa chenye sabuni. Uzi mwembamba wa mwisho, ule anaofungwa nzi, nimebadilisha wote. Wa mwaka jana ulikatika nilipouvuta kwa mikono. Viatu vya mtoni nimevianika na kuvisugua nisipeleke uchafu wa kijito kimoja hadi kingine. Usiku wa mapumziko nimekaa na ramani, nikifuata kwa kidole mistari ya buluu iliyo myembamba kuliko yote, ile isiyoandikwa majina. Kuna mmoja upande wa mashariki nimeutazama miaka mitatu. Ramani inaonyesha unashuka kwa ngazi nne kali, na chini ya kila ngazi lazima pana kidimbwi. Sijaufika. Mwaka huu nitaufika.

Na nzi wamefika. Binamu yangu alitua Washington mwezi wa Februari na kikopo cha bati cha majani ya chai, kimefungwa kwa plasta. Ndani kulikuwa na pamba, na kwenye pamba Adams 12. Mama aliacha karakana zamani, kwa sababu ya macho. Lakini jiliwa aliinunua walipokuwa wakiuza vitu vya zamani, na kila mwaka ananifungia dazeni moja dirishani, asubuhi, mwanga ukiwa mzuri. Amefuga na jogoo mwenye michirizi kwa ajili hiyo. Nimewapanga kwenye meza chini ya taa. Fundo la kichwa limekuwa nene kidogo kuliko la miaka ile, na kwa wawili bawa moja limezidi jingine kwa unywele. Nimewapulizia pumzi mmoja mmoja. Wote wanasimama.

Jumanne nilipanda Milam Gap baada ya kazi, bila fimbo. Theluji ilikuwa imebaki kwenye kivuli cha mitufaha. Niliteremka hadi kidimbwi cha kwanza, nikatumbukiza kipimajoto kwenye mkondo, nikasubiri. Mdudu mmoja tu wa kijivu alikuwa ametulia kwenye jiwe, mabawa wima. Karibu na mzizi, mahali maji yanapozunguka, kitu kilisogea mara moja na kuacha kusogea.

Nilimpigia mama nikiwa bado nimechuchumaa pale, ila mtandao haukushika mpaka niliporudi juu barabarani.

"Maji yamefika ngapi?" akauliza, hata salamu hatujamaliza.

"Tisa, mama. Tisa na kidogo."

"Basi bado," akasema, akaanza kunieleza jinsi jogoo alivyoruka ukuta akaingia kwa jirani, na jinsi walivyomkamata bila kumng'oa hata unyoya mmoja wa shingo.